Bei ya Makala: Fedha na Maadili katika Majarida ya Lugha

Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, gharama zake zilibebwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Taarifa yake ndiyo chimbuko la jarida la Kiswahili, ambalo baada ya mwaka 1964 lilitunzwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam. Kizazi changu kililelewa na majarida ya namna hiyo. Mwandishi halipwi wala halipi. Anangoja tu, na kungoja kwenyewe, wasikilizaji wangu, kulikuwa kwa miaka.

Baadaye idadi ya makala ikawa ngazi ya kupandia cheo, na palipo na ngazi hapakosi mwenye kuikodisha. Wakaibuka wachapishaji wanaomtoza mwandishi dola na kumpa hati ya kukubaliwa kabla makala hayajasomwa. Mkutubi wa Marekani, Jeffrey Beall, aliwaita wawindaji mwaka 2010; orodha yake ya majina yao iliondolewa mwaka 2017, wao wakabaki. Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania nayo ilitangaza tuzo ya shilingi milioni 50 kwa wanasayansi watakaochapisha katika majarida ya kimataifa yenye hadhi. Nia ni njema. Hata hivyo, majarida hayo hayachapishi Kiswahili, sembuse Kisangu.

Nalisema hili kwa sababu nusura nami ninase. Pamoja na mwenzangu kijana nilikusanya Ubaruku, katika bonde la Usangu, istilahi za Kisangu za mifereji na majaruba ya mpunga. Mwenzangu alipungukiwa na makala moja tu ili apandishwe cheo. Jarida moja la nje lilitukubali kwa siku tatu na kututaka tulipe. Tulikwisha kuchanga fedha. Nilizirudisha kwa aibu, naye hakunisemesha kwa muda.

Tuliyapeleka makala kwenye jarida la hapa nchini. Mhakiki alihoji fasili zetu mbili, tukarudi Ubaruku. Mzee aliyetufundisha alicheka sana: mfereji wa kuingizia maji tulikuwa tumeuandika kuwa wa kutolea. Alitushika mkono hadi shambani, akatuonyesha maji yanakokwenda.