"Na" moja, ruhusa ngapi?

Leseni ya zamani ya Pine, programu ya barua pepe ya Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, iliruhusu kuitumia, kuinakili, kuirekebisha na kuisambaza. Wengi walielewa kwamba ukishairekebisha, ruksa kuwagawia wengine toleo lako. Baadaye chuo kikasema sivyo: rekebisha, sambaza, lakini usisambaze ulichorekebisha. Mzozo ukaning'inia kwenye "and" ya Kiingereza, yaani "na". Kiswahili nacho kina mtego huo: ukiruhusiwa "kushona na kuuza kitambaa hiki", je, waweza kuuza gauni?

Ukiombwa ushauri juu ya leseni ya namna hiyo, usijibu "inaruhusiwa" kwa mkato. Mweleze mwenzako maana zote mbili, kisha aombe ufafanuzi wa maandishi kwa mwenye programu.