Vyanzo vya Magonjwa ya Akili: Mwili, Nafsi na Jamii

Ugonjwa wa akili hautokani na chanzo kimoja. Mwaka 1977 daktari wa Marekani, George Engel, alieleza kuwa ugonjwa hauna budi kutazamwa kwa pande tatu: mwili, nafsi na jamii.

Kimwili, vinasaba huongeza uwezekano wa kuugua, lakini haviamui peke yake. Pacha wanaofanana wana vinasaba vya aina moja. Hata hivyo, mmoja akipata skizofrenia, mara nyingi mwenzake haipati. Majeraha ya kichwa, malaria kali, pombe na bangi navyo huathiri ubongo.

Kinafsi, ukatili wa utotoni, msiba na msongo wa mawazo wa muda mrefu hudhoofisha uwezo wa mtu kukabili shida. Kijamii, umaskini, ukosefu wa ajira, upweke na unyanyapaa huongeza mzigo huo.

Pande hizi huingiliana. Mama aliyewahi kuugua sonona, akijifungua huku homoni zikibadilika na hana wa kumsaidia, yumo katika hatari kubwa ya kuugua tena. Ndugu wakimpokea mtoto ili mama alale, hatari hiyo hupungua.

Kumfungia ndani mgonjwa kwa kudhani amerogwa humcheleweshea tiba. Wananchi wanashauriwa kumfikisha mapema katika kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kupewa rufaa, ikiwemo kwenda Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma.