Damu ya Supai na Baraza la Kahnawake

Chini kabisa ya korongo kuu la Grand Canyon, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, kiko kijiji cha Supai, kisichofikiwa na barabara ya gari hata moja, ambacho barua zake hushushwa juu ya migongo ya nyumbu, na mwenye haja ya kufika huko, kama hakupanda mnyama wala helikopta, hana budi kukata maili 8 kwa miguu. Hapo ndipo wakaapo Wahavasupai, kabila dogo la wenyeji wa asili, ambao maradhi ya kisukari yalikuwa yamewaingia nyumba baada ya nyumba. Mwaka 1989 mmoja wao alimwendea mwanachuoni aliyezoeana nao kwa miaka mingi, akamsaili kama elimu ingaliweza kuwafaa. Na kwa kuwa aliyefikwa na maradhi hutaka dawa kabla ya yote, kuanzia 1990 watu wa Supai walinyoosha mikono, wakachomwa sindano, na damu yao ikachukuliwa hadi Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona.

Karatasi waliyotia saini ilitaja maradhi ya mwili na ya tabia kwa maneno mapana. Walakini wao, waliozungumziwa kisukari, waliamini kwamba kisukari ndiyo ahadi. Kumbe damu ile ile ilitumiwa pia kupeleleza maradhi ya akili, na kuoana kwa watu wa ukoo mmoja, na hijra ya mababu zao kutoka Asia, ilhali mapokeo ya kabila husema kwamba asili yao ni korongo hilo hilo. Hayo hawakuyajua mpaka 2003, binti mmoja wa kabila alipohudhuria mjadala wa tasnifu chuoni, akasikia habari za damu ya jamaa zake zikielezwa mbele ya hadhara. Watafiti wa chuo wakapigwa marufuku kukanyaga ardhi ya kabila, shauri likapelekwa mahakamani mwaka uliofuata, na mwaka 2010 ikapatikana suluhu: dola 700,000 kwa watu 41, na damu irejeshwe kwa wenyewe. Wajumbe wa kabila wakaenda hadi kwenye jokofu la chuo. Na mbele ya vichupa vile, ambavyo vingine vilikuwa vya watu waliokwisha kufariki, wakalia na kuimba kwa lugha yao.

Wako wasemao kwamba kasoro yote ilikuwa katika karatasi, na kwamba lau ingaliandikwa kwa ufafanuzi zaidi pasingalitokea dhuluma. Mimi siridhiki na kauli hiyo. Idhini ni jibu la swali ambalo mtu mwingine amekwisha litunga, naye ndiye abakiye na haki ya kulifasiri jibu na kuliweka akiba. Kushirikishwa katika shauri ni kuketi barazani kabla swali halijatungwa.

Mfano wa baraza la namna hiyo uko Kahnawake, mji wa Wamohawk ukingoni mwa Mto St. Lawrence, karibu na Montreal, Kanada. Katika miaka ya 1980 matabibu wa hospitali ya hapo walibaini kwamba, miongoni mwa wenye umri wa miaka 45 hadi 64, watu 12 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Matabibu hawakuishia kuyachapisha hayo kwa wasomi wa mbali. Waliyarudisha kwa wenyeji, na wazee waliposikia wakataka itafutwe njia ya kuwakinga watoto. Kutokana na agizo hilo ulizaliwa mwaka 1994 mradi wa kuzuia kisukari kupitia shule, chini ya baraza la washauri wa mji wenyewe, ambamo mambo huamuliwa kwa mapatano, nao wataalamu wa vyuo vikuu viwili vya Montreal wakawa washirika.

Baraza na washirika wake waliandika kanuni, na mna sharti moja ambalo nastaajabia insafu yake. Matokeo huletwa kwa wenyeji kabla ya kutangazwa kwingineko. Na wakihitilafiana na wataalamu juu ya maana yake, hakuna upande wenye mamlaka ya kuuziba mwingine mdomo, bali asiyekubali huandika tafsiri yake, nayo huambatanishwa na makala yenyewe. Hivyo msomaji wa mbali hupata kauli zote mbili.

Kuanzia mwaka 1998 mataifa ya asili ya Kanada yalijiwekea misingi, ambayo leo ni minne, juu ya takwimu za afya zao: kuzimiliki, kuzidhibiti, kuzifikia na kuzihifadhi mikononi mwao. Barani Afrika, Wasan wa Afrika ya Kusini walitoa kanuni zao 2017, wakitaka kila mtafiti alilete ombi lake mbele ya baraza lao kwanza.

Kwetu Tanzania wako Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hata vinyesi vyao vilichunguzwa na wataalamu wa Ulaya ili vijulikane vijidudu vya matumbo yao, na matokeo yakachapishwa 2014. Basi nakusihi, msomaji uliye katika kamati ya kupitisha tafiti: utakapoletewa ombi jingine la kwenda Eyasi, usitosheke na karatasi zenye alama za vidole, bali uliza ni Wahadzabe gani walioketi pamoja na waandishi wa ombi hilo siku lilipotungwa, na kama hakuna, lirudishe.