Ugonjwa Mmoja, Miili Mbalimbali

Msomaji, ukishika njia itokayo Mombasa kwenda Malindi, kabla hujafika Kilifi utakuta upande wa baharini njia ya kwenda Takaungu. Ni mji wa kale, ukikaa kando ya hori ya bahari. Mwaka 1837, Sayyid Said alipouvunja utawala wa Mazrui wa Mombasa, baadhi ya watu wa ukoo huo walihamia hapa, na wengine wakaenda Gazi. Katika karne ile majahazi yalipakia nafaka katika bandari ya Takaungu, nayo mashamba yake yalilimwa kwa jasho la watumwa. Mji wa pwani hupokea kila kiletwacho na bahari: bidhaa, wageni, habari, na maradhi pia.

Katika insha hii tutauliza swali moja. Maradhi ya pumzi yaingiapo katika nchi, kwa nini humwangusha huyu na kumwacha yule, hali wote wawili wavuta hewa ile ile? Wazee wetu walijibu kwamba ni majaliwa. Jibu hilo lina adabu yake, na hatulidharau. Lakini Mungu aliyepanga majaliwa amempa mwanadamu akili ya kuchungua sababu, nasi tutazifuata sababu hizo katika historia ya pwani yetu.

Katika Septemba 1918 homa kubwa ya mafua, iliyokuwa ikizunguka dunia, iliingia Mombasa kwa meli, ikashika njia za watu kwenda bara na mwambaoni. Iliikuta nchi katika unyonge. Vita vya Waingereza na Wajerumani katika Afrika ya Mashariki vilikuwa havijakwisha, na wapagazi kwa maelfu walikuwa wamekwisha kufa, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi. Bara ya Takaungu, Wagiriama walikuwa wamepigwa na serikali mwaka 1914; nyumba zao zilichomwa na mbuzi wao wakachukuliwa. Na katika mwaka wenyewe wa 1918 mvua zilikosekana sehemu nyingi za nchi, njaa ikaingia. Mwili wenye njaa hauna akiba ya kujenga tena kile kilichoharibiwa na ugonjwa, wala ya kutengeneza chembe za kinga zipiganazo na adui. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya udhaifu. Angalia, msomaji, kwamba sababu hii ilikaa ndani ya miili ya watu, lakini ilitiwa humo na vita na ukame.

Walakini njaa haikueleza yote. Mafua ya kawaida huua zaidi watoto wadogo na wazee. Mafua ya mwaka 1918, kila yalipopita duniani, yaliua pia kwa wingi watu wa umri wa miaka 20 hata 40, wenye nguvu za kulima na kulea, na wanawake wenye mimba walikuwa katika hatari kubwa. Siku zile hakuna tabibu aliyeweza kueleza jambo hilo. Wengi walidhani kwamba ugonjwa ulitokana na bakteria aliyoitaja Richard Pfeiffer mwaka 1892. Virusi ni vidogo mno, na darubini za wakati ule hazikuweza kuvionyesha. Virusi vya mafua ya binadamu havikupatikana mpaka mwaka 1933, huko London, kwa kazi ya Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw.

Ili tulifahamu fumbo la vijana wale, yafaa tujue kwamba mwili una kumbukumbu. Ushahidi mzuri wa jambo hili ulipatikana mbali na kwetu, katika visiwa vya Faroe vilivyomo kaskazini ya bahari ya Atlantiki. Surua, ambayo nayo huambukizwa kwa hewa, ilifika huko mwaka 1781, kisha ikatoweka kwa miaka 65. Iliporudi mwaka 1846, watu 6,000 hivi katika watu wapatao 7,800 waliugua. Tabibu kijana wa Denmark, Peter Ludwig Panum, alitembea kijiji kwa kijiji akiuliza na kuandika. Aliona kwamba wazee waliougua surua mwaka 1781 hawakuguswa mara ya pili, hata mmoja. Miili yao ilimtambua adui baada ya muda wa umri mzima wa mtu.

Kwa mfano huo wataalamu wengi hufikiri kwamba wazee wa mwaka 1918 walikuwa wamepata kukutana utotoni na virusi vilivyofanana na vile, hali vijana hawakuwa wamekutana navyo. Jambo hili lingali likijadiliwa. Lakini ni kweli kwamba kila mtu hubeba mwilini mwake daftari ya maradhi aliyopata, na daftari za watu wawili hazilingani.

Basi mtoto mchanga, ambaye daftari yake haijaandikwa neno, hukingwa na nini? Swali hilo limechunguzwa sana karibu na Takaungu yenyewe. Tangu mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na mfuko wa Wellcome wa Uingereza, imekuwa na kituo cha utafiti mjini Kilifi. Tangu mwaka 2000 watumishi wake huenda nyumba kwa nyumba katika eneo ambalo Takaungu imo ndani yake, wakiandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Miongoni mwa maradhi yaliyochunguzwa hapo ni yale ya virusi viitwavyo RSV, vilivyogunduliwa Marekani mwaka 1956 katika sokwe waliokuwa na mafua. Kwa mtu mzima huwa ni mafua ya siku chache. Kwa mtoto wa miezi michache huweza kuwa mauti.

Sababu moja ni umbo la kifua chake. Mirija ya pumzi ya mtoto mchanga ni myembamba sana, na virusi huivimbisha na kuijaza makamasi. Kanuni ya fizikia hutufundisha kwamba mrija ukipungua upana wake kwa nusu, hewa ipitayo kwa utulivu hukutana na upinzani mara 16. Uvimbe ambao mtu mzima hauhisi humfanya mtoto ahangaike kuvuta pumzi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, au mwenye moyo wenye kasoro, huwa katika hatari zaidi.

Lakini mtoto huja duniani na urithi. Katika miezi ya mwisho ya mimba mama humpitishia kingamwili zake kwa njia ya kondo. Wataalamu wa Kilifi walipima damu za watoto wakaona kwamba kingamwili dhidi ya RSV hupungua kwa nusu katika siku 79 hivi, na katika nusu ya kwanza ya mwaka urithi ule huwa umekwisha kupungua sana. Tena waliwafuata watoto 635 tangu kuzaliwa kwao, wakaona kwamba mtoto aliyekwisha kuugua aweza kuambukizwa tena. Hivyo kumbukumbu ya RSV si madhubuti kama ile ya surua.

Usidhani kwamba kila ugonjwa hupita mlango huo huo. COVID-19, ambayo mgonjwa wake wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, iliwaelemea zaidi wazee na wenye kisukari au shinikizo la damu, na watoto wengi wakapita na homa ndogo. Kwa hiyo tusiseme kwamba fulani ni mzima au dhaifu tu. Inatupasa kuuliza kwanza: dhaifu mbele ya ugonjwa gani, na katika umri gani?

Sasa, mwanafunzi mpendwa, habari hii inakuhusu wewe. Tangu mwisho wa mwaka 2009 hata katikati ya mwaka 2010, watafiti wa Kilifi walizifuata nyumba 47 zenye watu 493, wakachukua makamasi ya kila mtu mara mbili kwa juma, hata wakapata vipimo zaidi ya 16,000. Walitaka kujua ni nani amwambukizaye RSV mtoto mchanga. Waliona kwamba mara nyingi walioleta virusi nyumbani ni ndugu zake wakubwa, hasa wale waendao shule. Na watu si wachache walikuwa na virusi bila ya dalili yo yote.

Jaribio la kuwachanja watoto wachanga wenyewe dhidi ya RSV lilifanywa Marekani katika miaka ya 1960, likaleta madhara: waliochanjwa waliugua vibaya zaidi walipoambukizwa, na wawili wakafa. Ilichukua zaidi ya nusu karne kupata njia salama, nayo yafuata mfano wa urithi wa mama. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zote zimchanje mama mjamzito ili ampitishie mwanawe kinga, au mtoto apewe kingamwili zilizokwisha kutengenezwa.

Mpaka kinga hiyo imfikie kila mtoto, kinga nyingine iko mikononi mwako. Utokapo shuleni, nawa kwa sabuni kabla hujampakata ndugu yako mchanga. Na ukiwa na mafua, mwache abebwe na mwingine. Wewe utapona baada ya siku chache, kwa kuwa mirija yako ni mipana na mwili wako umekwisha kujifunza. Yeye bado.