Tundu Dogo, Safari Ndefu

Mwanamke wa Rungwe au Mufindi akiambiwa ana uvimbe kwenye kifuko cha mayai, hujiuliza: jembe nitalishika lini? Akipasuliwa kwa mkato mrefu, hukatazwa mizigo mizito kwa wiki 6 hivi. Na mvua za Novemba hazimngoji mtu.

Jibu lilichukua miaka mingi. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Sweden alieleza jinsi alivyochungulia matumbo ya wagonjwa kwa mrija wenye taa. Miaka ya 1940, huko Paris, Raoul Palmer akautumia kwa magonjwa ya wanawake. Mwaka 1980 Kurt Semm, daktari wa wanawake wa Kiel, Ujerumani, akaondoa kidole tumbo kwa matundu madogo. Wapasuaji walimshambulia, wengine wakitaka azuiwe kazi. Baadaye walimfuata.

Siku hizi tumbo hujazwa hewa ya kabonidayoksaidi, kamera hupitishwa kitovuni, na vyombo hupita kwenye matundu mengine. Nusu kaputi ni ile ile, na hatari zipo. Tena si kila uvimbe unafaa, wala si kila hospitali ina mashine na mtaalamu.

Kwa hiyo, mama wa Mbeya au Iringa, muulize daktari: ugonjwa wangu unafaa matundu? Kama si hapa, ni wapi? Lakini mimba ya nje ya kizazi ikipasuka na damu kumwagika, usingoje kamera. Hapo mkato wa haraka ndio uhai.