Wenge Musica: Ndugu Waliopatana kwenye Video

Tarehe 30 Juni 2022, waimbaji JB Mpiana na Werrason walipanda jukwaa moja katika Stade des Martyrs, Kinshasa, karibu miaka 25 tangu kundi lao, Wenge Musica, livunjike. Siku hiyohiyo jiji lilizika masalia ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Wiki mbili na ushei kabla yake, tarehe 13 Juni, waasi wa M23 walikuwa wameuteka Bunagana, mji wa mashariki mwa Kongo ulio mpakani na Uganda. Watu wakavuka mpaka hadi Kisoro, wakapokewa katika kituo cha Nyakabande, na wengi wakapelekwa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mwandishi wa historia ya muziki aliye Kinshasa anaweza kuiweka Bunagana kando. Aliye Nyamityobora, Mbarara, ataona kwamba kwa Wakongo wa upande huu wa mpaka onyesho lile lilikuwa video tangu mwanzo, na halikupungukiwa kitu kwa hilo. Wenge wanayoijua wao imekuwa ikiishi kwenye kanda miaka yote.

Sababu imo ndani ya muziki wenyewe. Wenge ilizaliwa mwaka 1981, kundi la vijana wa kile kinachoitwa kizazi cha nne, nyuma ya Zaiko Langa Langa ya 1969 iliyoyatupa matarumbeta na kuwaachia uwanja magitaa na ngoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Zaiko ikamleta mbele atalaku, mhamasishaji wa jukwaani. Tangu hapo sebene, sehemu ya wimbo inayochezwa, ikawa kitu cha kutazamwa: atalaku anaita mtindo, safu ya wanenguaji inaujibu, na anayesikiliza redio amekosa nusu ya mazungumzo. Linganisha na kizazi kilichotangulia. Tamasha la Zaire 74, ambako Franco na Tabu Ley walipiga pamoja na James Brown na Miriam Makeba, lilirekodiwa kwa kamera nyingi, lakini filamu yake, Soul Power, haikutoka hadi 2008. Franco hakuathirika. Santuri na redio zilikuwa zimekwisha kumfikisha Kampala na Dar es Salaam. Wenge isingeweza kungoja hivyo.

Kundi lilipasuka Desemba 1997, miezi saba baada ya Mobutu kuanguka. Agosti 1998 vita vya Kongo vikaanza upya. Mpiana akabaki na jina la BCBG, Werrason akaunda Maison Mère pamoja na Didier Masela na Adolphe Dominguez. Ugomvi wao ulipiganwa mbele ya kamera. Werrason aliingia ukumbi wa Bercy, Paris, mwaka 2000; Mpiana akamfuata 2001; na rekodi za maonyesho hayo zikauzwa na kudurufiwa, halali na haramu, kote ulikofika muziki wa Kongo. Hapa Uganda zilikuta vibanda vya video vimeshazoea filamu za kigeni zenye VJ wa kuzitafsiri. Onyesho la Wenge halikuhitaji VJ, maana kiuno hakina tafsiri. Aliyekimbia vita miaka ile akiwa mtoto alizikuta Wenge mbili, akachagua upande wake kwa kutazama.

Kuna watakaosema kwamba hiyo ni sherehe ya Kinshasa, kwa Kilingala, na kwamba mtu wa Rutshuru, eneo la Bunagana, aliyepoteza shamba hana haja ya kushangilia jiji lililocheza huku Bunagana ikiwa mikononi mwa waasi. Uchungu huo ni wa haki, na una historia yake: Ulaya, Wakongo wanaojiita combattants walizuia maonyesho ya nyota wa Kinshasa kwa miaka kadhaa, wakiwashutumu kuwa karibu na watawala, na Fally Ipupa alipopiga Bercy Februari 2020 moto uliwaka karibu na kituo cha Gare de Lyon. Lakini aliyekasirishwa na onyesho amekwisha kukubali kwamba linamhusu. Hakuna anayeususia muziki wa watu asiowajua.

Pingamizi la fedha, kwamba wazee hawa walipatanishwa na hesabu, nalikubali bila taabu. Hata kugombana kwao kulikuwa biashara, na mtazamaji alikuwa akilipia vyote viwili. Zito zaidi ni jingine. Nakivale, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, ina Wasomali, Warundi na Waethiopia pia, wenye nyota na kanda zao. Historia ya Wenge haiwezi kuwasemea. Inaeleza sehemu moja tu ya makazi hayo, ile ambayo mwaka 2022 iliwapokea watu wa Bunagana na video ya Stade des Martyrs katika msimu mmoja.