Wamama wenye Mimba na Gripe ya Mwaka 1918

Katika yubile tunawataja waliojenga na waliohubiri. Ni haki kuwakumbuka pia wamama waliofariki na mimba tumboni kwa ugonjwa wa kifua. Daftari la marehemu la parokia lina mahali pa jina, umri, siku ya kufa na sakramenti zilizopokewa. Mahali pa kuandika kwamba marehemu alikuwa na mimba hapana. Kwa hiyo wamama hao wamefichwa ndani ya hesabu ya wafu wote.

Mwaka 1918, Vita Kuu ikielekea kwisha, gripe ilienea dunia nzima. Katika Kongo iliingia kwa merikebu upande wa magharibi, na kwa gari la moshi kutoka kusini, kupitia Rhodesia, hata Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Reli iliyofika huko mwaka 1910 kwa ajili ya shaba ilileta na kifo. Kwa desturi gripe huwachukua wazee na watoto wachanga. Ile ya 1918 iliwaangusha kwa wingi watu wa miaka 20 hata 40, na huo ndio umri wa kuzaa. Waganga wengi wa siku zile walidhani chanzo chake ni bakteria. Virusi yenyewe ilitambuliwa katika binadamu mwaka 1933, huko London.

Aliyejaribu kuwahesabu wamama hao ni munganga John W. Harris wa Baltimore, katika Marekani. Mwaka 1919 alitangaza habari za wajawazito 1,350 walioshikwa na gripe, alizozikusanya kwa waganga wenzake. Karibu nusu yao walipata nimonia, na katika hao zaidi ya nusu walifariki. Kwa jumla walikufa 27 katika kila 100. Katika wenye nimonia, zaidi ya nusu mimba zao hazikufika wakati wake.

Sababu yake nini? Kifo cha namna hii hakikosi maneno kwenye kilio: huyu anamtafuta mchawi, yule anawashutumu wakwe. Lakini mwili wenyewe unatoa jibu. Mimba ikikua, husukuma juu ule ukuta wa nyama unaotenga kifua na tumbo, na mapafu hubaki na nafasi ndogo ya kutanuka. Wakati huohuo mama anahitaji hewa zaidi kuliko zamani, kwa maana anapumua kwa ajili ya wawili, na moyo wake unafanya kazi kubwa zaidi. Tena kinga ya mwili hubadilika ili isimkatae mtoto. Nimonia ikimkuta mtu wa namna hiyo, akiba yake ya pumzi ni ndogo mno.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hayo yalijulikana tangu 1919, kisha yakaachwa. Gripe ya Asia ilipofika mwaka 1957, katika jimbo la Minnesota nusu ya wanawake wa umri wa kuzaa waliouawa nayo walikuwa na mimba. Mwaka 2009 ikaja gripe nyingine: katika Marekani wajawazito walikuwa kama mtu 1 katika 100, lakini katika wafu walikuwa 5. Ndipo mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likashauri wajawazito watangulie wote kupewa chanjo ya gripe, ambayo humkinga pia mtoto katika miezi yake ya kwanza.

Halafu ikaja Korona, mwaka 2020. Majaribio ya kwanza ya chanjo yake yaliwaacha nje wenye mimba. Nasema wazi, hapo somo la zamani halikusikilizwa. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza hesabu ya wanawake waliolazwa hospitalini katika inchi sita za Afrika, Kongo yetu ikiwamo. Kati ya wagonjwa wa Korona wasio na mimba walifariki 5 katika kila 100. Kati ya wenye mimba, 10. Safari hii waliandikwa kando, peke yao.